Trésor, nitafutie pine (tairi) mbili kabla ya mwezi wa saba

Trésor ndugu yangu,

Jambo yako. Mama hajambo? Batoto? Sisi huku Lubumbashi tuko, baridi imeanza, kura (umeme) inakatika sawa kawaida, tuache hayo.

Najua nimenyamaza tangu Pasaka, unisamehe, ila leo siandiki juu ya salamu, ni juu ya pine. Jumamosi tulijaribu ile safari yetu ya Zambia na kinga (baiskeli), miye na Dieumerci na Ya Guy, tukapita mu njia za vumbi za bantu ya makala (makaa), mizigo yote juu ya kinga sawa vile tutabeba Zambia: tenti, maji, sufuria, hata unga ya bukari. Hatujamaliza kilomita 30, tole ondule (njia ya mawimbi-mawimbi) inatutetemesha mpaka meno, portabagaji yangu, ile ya kubebea mizigo, ikakatika, halafu pine ya nyuma ikapasuka ubavuni, si tundu, ni kupasuka kabisa, shambreri (mpira ya ndani) inatoka inje sawa ulimi ya mbuzi. Ni zile za upana wa mili 32. Weye uliniambia hazitoshi nikakubishia, haya, cheka.

Akapita mzee mumoja na magunia matatu ya makala juu ya kinga ya chuma. Alicheka kwanza. Halafu akakata mpira ya shambreri ya zamani, akafunga portabagaji, akaweka kipande cha pine ndani pale penye kupasuka, akapompa. Hakuomba hata franga mia. Akauliza tu: "Munaenda kuuza nini Zambia?" Nikasema hapana, tunaenda kutembea. Akatuangalia, akapanda, akaenda zake bila kusema kitu. Mama naye ni vilevile, eti nimesoma, niko na kazi, nitaonekana mu njia ya Kasenga na kinga, majirani watasema mshahara hautoki. (Ule wa mwezi jana kweli haujatoka, lakini asijue.)

Njia ni ileile: tunavuka mto Luapula pale Kasenga, tunashuka na mto mpaka Mwansabombwe, mwisho wa mwezi wa 7, tuone Mutomboko, sherehe ya Balunda, Mwata Kazembe mfalme wao akicheza na upanga na shoka. Balunda walitoka upande wetu wakavuka maji ileile, basi na sisi tunawafuata, wao hawakuwa na shida ya pine. Halafu Kawambwa, na ile njia ya Mporokoso mpaka maporomoko ya Lumangwe. Mvua hakuna mpaka karibu mwezi wa 10, ni vumbi tu na baridi ya usiku. Miye naogopa Dieumerci, kule wanaendesha kushoto na yeye hata kulia inamushinda.

Sasa pine. Hapo Kitwe nitafutie mbili, 700 kwa mili 45, usikubali 38 hata mwenye duka aape. Nimepima kadri (fremu) ya kinga, zinaingia, inabaki nafasi ya kidole. Ya Guy anataka zile za maji ya kuziba bila shambreri, nikamuuliza yakiisha Kawambwa utanunua kwa nani?

Ni kwacha ngapi? Utalipa kwanza nikurudishie? Papa Kabeya bado anapita mpaka wa Kasumbalesa na lori, anaweza kunibebea? Karte yako ya homa ya manjano iko wapi? Na goti? Chantal anajua ao bado umemuficha? Yaani unakuja, ao nibebe tenti ya watu watatu?

Jibu hata kwa sauti.

Patient