Wagonjwa wa kifua kikuu waelezwe mapema maudhi ya dawa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nichangie mjadala kuhusu wagonjwa wa kifua kikuu wanaokatisha dozi. Wengi huwaita wazembe. Mimi naona baadhi yao hukimbizwa na hofu ya jambo ambalo hawakuambiwa.

Rifampisini, mojawapo ya dawa za kifua kikuu, hugeuza mkojo, hata machozi, kuwa na rangi ya chungwa. Hilo halina ubaya, lakini asiyejua hudhani anakojoa damu. (Ndugu yangu mmoja alificha vidonge chini ya godoro wiki nzima kwa sababu hiyo.) Isoniazidi nayo huweza kuleta ganzi miguuni, ambayo huzuilika kwa vitamini B6. Yapo pia ya kukimbilia kituoni siku hiyohiyo: macho kuwa ya njano, kutapika mfululizo, au kuona ukungu kwa anayetumia ethambutoli. Dozi ya kawaida ni miezi 6, na ikikatwa ovyo vimelea huweza kujenga usugu.

Napendekeza siku ya kwanza kabisa mgonjwa, pamoja na anayemsimamia kumeza dawa nyumbani, wapewe karatasi ya Kiswahili chepesi yenye dalili hizo na namba ya simu ya kituo.

Msomaji wako,
Morogoro