Kyubiti 105 na siri za benki zetu

Mhariri,

Nafundisha fizikia sekondari hapa Iringa. Tangu Google watangaze chipu yao ya kwanta (inayokokotoa kwa kanuni za fizikia ya chembe ndogo mno), Willow, Desemba 2024, wanafunzi wangu wa kidato cha sita hawaniachi nipumue. Wamesikia ilimaliza kwa chini ya dakika tano hesabu ambayo kompyuta kubwa za kawaida zingeikokotoa kwa miaka mingi kuliko umri wa ulimwengu. Ndivyo Google walivyosema, ila hesabu yenyewe ilikuwa ya kupimia mashine tu; haina kazi dukani wala hospitalini.

Kilichonifurahisha mimi ni kingine, na magazeti mengi yalikipitia juu juu. Kyubiti, yaani chembe za taarifa zinazoweza kubeba 0 na 1 kwa pamoja, ni dhaifu mno: zikiguswa na joto kidogo tu, zinakosea. Kwa miaka mingi, kuziongeza kulimaanisha kuongeza makosa. Willow, yenye kyubiti 105, iligeuza kibao. Walizipanga tatu kwa tatu, kisha tano kwa tano, kisha saba kwa saba, na kila hatua makosa yakapungua kwa takriban nusu!

Hofu ni kwamba siku moja kompyuta za kwanta zitavunja RSA, njia ya kihesabu ya kufunga siri mtandaoni, zikiwemo za benki. Kuvunja ufunguo wa RSA wa biti 2048 bado hakujawezekana. Makadirio ya 2025 yanataja karibu kyubiti milioni moja. Lakini mwizi anaweza kuiba data leo akaifungua baadaye. Ndiyo maana taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa Agosti 2024 viwango vipya vya usimbaji, yaani ufichaji wa data, vilivyokusudiwa kuhimili kompyuta za kwanta. Mabenki na kampuni za simu hapa nchini, mtahamia lini? Naomba mnijibu kupitia ukurasa huu huu.

Mwalimu wa Fizikia,
Iringa