Barua ya Wazi kwa Waziri wa Urithi wa Ireland: Watoto Wajenge Boma la Kale kwa Mikono Yao

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kwa heshima. Mimi ni mzazi na fundi seremala, mkazi wa Limerick. Naandika kwa Kiswahili ili wazazi wenzangu kutoka Afrika Mashariki tunaoishi hapa Ireland wasome na waniunge mkono. Ninaomba serikali ifadhili ujenzi wa boma la duara la kufundishia, yaani makazi yaliyozungushiwa tuta la udongo na handaki, kama yale ya kale ya hapa Ireland, na wajenzi wawe wanafunzi wenyewe wakisimamiwa na mafundi.

Mabaki ya maboma hayo yanakadiriwa kufikia 45,000 nchini, mengi yakiwa ya kati ya mwaka 600 na 900. Lakini mtoto akipelekwa kuyaona, mara nyingi anakuta tuta lililoota miiba na handaki lililokaribia kufukiwa. Atajuaje kwamba ndani ya uwanja ule wenye upana wa kama mita 30 iliishi familia? Atajuaje kwamba tuta lilisaidia kuwakinga ng'ombe na wezi, zama ambazo mali na faini zilihesabiwa kwa ng'ombe wa maziwa?

Ramani ya kujengea tunayo. Miaka ya 1980, huko Deer Park Farms, Antrim, wanaakiolojia walikuta kuta za nyumba za mviringo zimelala kwenye udongo uliolowa maji, hazijaoza. Mlango mmoja ulikuwa na miimo ya mwaloni uliokatwa mwaka 648. Kuta zilikuwa mbilimbili, zimesukwa kwa fito za mti wa heizeli, na katikati pameshindiliwa nyasi na majani makavu kuzuia baridi. Hata viroboto na chawa wa wenye nyumba walipatikana! Nakuambia kama fundi: ukuta wa namna hiyo hauelezeki ubaoni. Mtoto aupinde ufito mbichi mwenyewe, aone unakatikia wapi, aurudie.

Wataalamu wa chuo kikuu cha UCD, Dublin, wamekwisha kujenga nyumba ya aina hiyo kwa majaribio, na bustani ya urithi ya Ferrycarrig, Wexford, iliyofunguliwa mwaka 1987, ina boma lililojengwa upya. Nawashukuru sana. Ninachoomba mimi ni zaidi ya matembezi ya siku moja: darasa lichimbe handaki, lipandishe tuta, lisuke, liezeke.

Tafadhali, lisijengwe juu ya boma la asili. Wakulima wa nchi hii kwa vizazi waliogopa kugusa matuta hayo, wakiamini ni makao ya viumbe wa ghaibu, na hofu hiyo imeyaokoa maelfu. Sisi nasi tuyaache, tutafute kiwanja kitupu.

Kuhusu paa, watoto waambiwe ukweli kwamba hapo tunakisia. Wawashe moto katikati ya nyumba, watazame moshi unavyopenya kwenye nyasi, kisha wabishane.

Jambo linalonikosesha usingizi ni matengenezo. Fito zilizochomekwa ardhini huoza, na nyasi za paa huchakaa. Miradi ya namna hii hupewa fedha za ufunguzi, kisha hakuna wa kununua hata mzigo wa fito. Naomba fungu la ukarabati litengwe kila mwaka, na kila darasa jipya lipewe sehemu ya ukuta ya kusuka upya.

Mimi niko tayari kujitolea Jumamosi zangu na vifaa vyangu. Nasubiri jibu lako.

Wako,
Mzazi na fundi seremala, Limerick