Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: bahari yetu inaishia wapi

Ndugu wanachama, wavuvi wa pwani ya Kenya, salaam.

Mwaka huu swali nililoulizwa zaidi, bandarini na hata nje ya msikiti, ni moja: "Mwenyekiti, bahari yetu inaishia wapi?" Hesabu za chama mweka hazina amezibandika bandani, kila mtu azisome. Mimi nitakaa kwenye swali hilo.

Lilizuka msimu wa kaskazi, dau la wenzetu liliposimamishwa na doria upande wa Pemba, Tanzania. Nahodha alijua alipo kwa mnara wa taa wa Kigomasha, ncha ya kaskazini ya Pemba, na rangi ya maji, kama alivyofundishwa na babake. Leseni anayo, lakini siku hiyo ilikuwa nyumbani, chini ya godoro. Walizuiwa siku mbili. Barafu ikayeyuka, nguru wakaoza. Niliwapokea waliporudi, na nahodha hakutaka hata kunitazama usoni.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982 unaipa kila nchi ya pwani bahari yake ya hadi maili 12, zikihesabiwa kwa kawaida kuanzia maji yanapokupwa. Maili ya baharini ni mita 1,852, kwa hiyo 12 ni kama kilomita 22. Humo nchi ina mamlaka kama ya nchi kavu, ila meli za kigeni huruhusiwa kupita kwa amani. Hadi maili 24 serikali inaweza kuzuia magendo na wahamiaji haramu. Hadi maili 200 samaki ni wa nchi yenye pwani, na meli hupita huru. Nawakumbusha kwa fahari: Kenya ilikuwa mstari wa mbele kulipigania wazo hilo la maili 200, tangu 1971 na 1972.

Kwetu maili 12 hazina nafasi. Kutoka kisiwa chetu cha Kisite hadi Kigomasha hazitimii 24, kwa hiyo bahari ya Kenya na ya Tanzania zingepandana. Serikali mbili zikakubaliana mpaka kwa barua za Desemba 1975 na Julai 1976: unaanzia upande wa Ras Jimbo, pwani mpakani, unapita kati yetu na Pemba, kisha unashika mashariki.

Barua hizohizo zina maneno ambayo wengi wetu hatukuwa tukiyajua. Wavuvi wenyeji wanaovua kwa riziki, wa nchi zote mbili, waruhusiwe kuvua maili 12 kila upande wa mpaka wa bahari, kwa kufuata kanuni zilizopo, na leseni na desturi za kila upande ziheshimiwe. Watu wa Kojani, huko Pemba, wamepiga dago (kambi za uvuvi) kwetu tangu enzi za mababu, nasi tumevua kwao. Mpaka haukuandikwa kuikata riziki hiyo.

Lakini asiye na leseni mkononi atajitetea kwa nini? Kamati imeamua kila chombo kibebe leseni na kitambulisho cha nahodha ndani ya chupa yenye kifuniko, pamoja na nakala ya maneno hayo ya 1976. Pia tumewaandikia wakuu wa uvuvi tukiomba askari wa doria wa pande zote wakumbushwe. Jibu halijaja, nitaandika tena mwezi huu.

Manahodha, nakala ziko tayari. Njooni mzichukue Ijumaa baada ya swala, na kila mmoja aje na leseni yake niione.