Kinga ya VVU imo mikononi mwa wauguzi, wapewe nyenzo za kuitoa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo, kwa kadiri ninavyofuatilia, husahaulika kila kinga ya Virusi vya UKIMWI (VVU) inapojadiliwa magazetini. Habari nyingi tunazosoma huhusu dawa mpya, mkutano uliofanyika au kauli ya daktari bingwa, na si vibaya zikaandikwa. Lakini hakuna dawa inayotoka stoo ikajipeleka yenyewe kwa mtu. Anayempima mjamzito, anayempa majibu, anayemwanzishia dawa, anayemzalisha, anayemtoa mtoto wake damu kisiginoni na anayempigia simu asipoonekana kliniki ni muuguzi, na katika vituo vidogo mara nyingi ni yule yule mmoja. Hoja yangu ni kwamba muuguzi huyo amekwisha kukabidhiwa kazi ya kinga, ila hajakabidhiwa mamlaka, muda na chumba chenye mlango ambavyo kazi hiyo inavihitaji.

Nianze na maambukizi ya mama kwa mtoto, kwa sababu huko ndiko mchango wa wauguzi unakoonekana waziwazi zaidi. Mama mwenye VVU asipopata huduma yoyote, uwezekano wa kumwambukiza mtoto wakati wa ujauzito, kujifungua au kunyonyesha ni kati ya asilimia 15 na 45. Akipata dawa na kuzitumia ipasavyo, uwezekano huo hushuka chini ya asilimia 5. Mwaka 2011 Malawi iliamua kwamba kila mjamzito mwenye VVU aanzishiwe dawa na aendelee nazo maisha yake yote, bila kusubiri kipimo cha CD4, yaani cha kuhesabu chembe za kinga katika damu, kwa kuwa mashine za kipimo hicho zilikuwa chache na hazikuwapo katika vituo ambako wanawake wengi huhudhuria kliniki. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani likauingiza utaratibu huo katika miongozo yake. Kwa maneno mengine, mashine iliondolewa njiani, akabaki mama na mhudumu aliye mbele yake.

Hebu tuangalie mhudumu huyo anatakiwa kufanya nini. Mwanamke aliyekuja kupimwa uzito na presha huambiwa, katika hudhurio hilo hilo la kwanza, kwamba ana maambukizi, kwamba dawa atakazopewa ni za maisha, na kwamba ingefaa mwenza wake naye apimwe. Muuguzi mwenye uzoefu anajua kwamba swali linalomkaba mama huyo, hata asipolitamka, si la kitabibu: atamwambiaje mumewe? Akiondoka bila kusaidiwa kulijibu, vidonge atavificha, na vilivyofichwa humezwa kwa kuruka siku. Kwa mama anayehofia kipigo au kufukuzwa nyumbani inahitajika busara zaidi, maana kumharakisha amtaje mwenza wake ni kumweka hatarini. Mazungumzo ya namna hiyo hayawezi kufanyika kwa dakika tano, huku foleni ikisikia kila neno kupitia pazia.

Kazi haiishii kwenye kujifungua. Kingamwili za mama, yaani chembechembe ambazo mwili hutengeneza kupambana na kirusi, huweza kubaki mwilini mwa mtoto hadi miezi 18, kwa hiyo kipimo cha haraka tulichokizoea, ambacho hutafuta kingamwili hizo, hakiwezi kueleza kama mtoto mwenyewe ameambukizwa. Inabidi akiwa na wiki nne hadi sita achukuliwe matone ya damu kwa kipimo kinachotafuta kirusi chenyewe, kisha apimwe tena baadaye, hadi baada ya kuacha kunyonya. Majibu yakikaa kwenye droo bila mtu wa kumtafuta mama yake, ni sawa na kutompima.

Kuhusu mamlaka, nashangaa kwamba bado wapo wanaoamini muuguzi anayeanzisha dawa za kufubaza VVU ni wa kuziba pengo tu, mpaka daktari apatikane. Shirika la Afya Duniani lilitoa miongozo ya kugawana majukumu tangu mwaka 2008, na Afrika Kusini ilianza kupanua huduma za wauguzi wanaoanzisha dawa mwaka 2010. Utafiti uliofanyika katika kliniki 31 za jimbo la Free State, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2012, ulionyesha kwamba wagonjwa waliohudumiwa na wauguzi waliopata mafunzo walifubaza virusi sawasawa na wale waliokuwa chini ya madaktari. Sharti lililomo katika matokeo hayo ni mafunzo na usimamizi, na hilo ndilo husahaulika pale muuguzi anapoongezewa majukumu kwa barua ya ofisini tu.

Nazungumzia dawa katika barua ya kinga kwa makusudi. Utafiti wa HPTN 052, uliotangazwa mwaka 2011, ulihusu wenza ambao mmoja ana VVU na mwingine hana, na ulionyesha kwamba kuanza dawa mapema kulipunguza maambukizi kati yao kwa asilimia 96. Leo tunajua kwamba mtu ambaye virusi vyake vimefubazwa hadi havionekani kwenye kipimo hamwambukizi mwenza wake kwa njia ya kujamiiana. Muuguzi anayepekua rejesta jioni kutafuta majina ya waliokosa kurudi kuchukua dawa anafanya kazi ya kinga, ingawa katika taarifa za mwezi huhesabiwa upande wa matibabu.

Hata sindano ya lenacapavir, inayochomwa mara mbili kwa mwaka na ambayo mwaka 2024 iliripotiwa kuwakinga wanawake na wasichana 2,134 wa Afrika Kusini na Uganda walioipata bila hata mmoja wao kuambukizwa, haikwepi mkono wa muuguzi. Mtu hupimwa kwanza, siku ya sindano hupewa na vidonge, kisha hutakiwa kumeza vingine kesho yake akiwa nyumbani. Asipoelezwa vizuri umuhimu wa vidonge vya siku ya pili, huenda asivimeze.

Haki inanitaka niseme pia kwamba wapo wauguzi wanaowafukuza watu kwa ndimi zao. Msichana anayeomba kondomu au dawa kinga, yaani ya kumkinga asiye na VVU, akaulizwa kwa sauti ana umri gani na anazitaka za nini, harudi tena, na huwaambia wenzake wasiende. Kuvujisha majibu ya mtu ni kosa kubwa zaidi, na anayelifanya anastahili hatua za kinidhamu pasipo kuonewa haya. Hata hivyo sikubaliani na wanaodhani semina ya maadili itatosha, kwa sababu ukali mwingine ni uchovu wa mtu aliyekesha zamu, na siri nyingine huvuja kwa sababu faili za wateja wa VVU zimepewa rangi yake, au wateja wenyewe wametengewa benchi lao, mahali ambapo kila apitaye anawaona.

Mwisho nigusie usalama wa wauguzi wenyewe. Anayejichoma sindano yenye damu ya mtu mwenye VVU ana uwezekano wa takriban watu 3 kati ya 1,000 wa kuambukizwa, na uwezekano huo hupungua sana akianza dawa mapema, ndani ya saa 72, na kuzitumia kwa siku 28. Kila saa inayopita hupunguza faida yake. Utaratibu huu umeandikwa na kubandikwa ukutani katika vituo vingi, lakini ajali hutokea usiku na siku za mapumziko, wakati kabati la dawa limefungwa na mwenye ufunguo yuko kwake. Dawa hizo hizo ndizo anazozihitaji mtu aliyebakwa akafika kituoni usiku wa manane. Naomba wasimamizi wa vituo vya afya waagize kwamba dozi za kuanzia zihifadhiwe wodini, na ufunguo wake ukabidhiwe kwa muuguzi aliye zamu pamoja na ripoti ya makabidhiano.

Wako,
Muuguzi mkunga