Mdogo wangu, kabla hujapanda ndege ya India

Mdogo wangu, najua begi lishafungwa, na najua pia India unayoijua ni ileile ninayoijua mimi, ya filamu za sebuleni kwa bibi, harusi siku tatu, mvua, sari, na nyimbo tulizoziimba zote bila kuelewa hata neno moja. Sizisemi vibaya jamani, nazipenda mpaka leo. Ila sasa unaenda kuishi na watu miaka mitatu, naomba uwasikie wenyewe wanavyojieleza.

Anza na insha ya B. R. Ambedkar, "Waiting for a Visa". Huyu ndo alikuwa mwenyekiti wa kamati iliyoandaa rasimu ya katiba yao. Anasimulia ana miaka tisa, wanasafiri watoto watupu kumfuata baba kazini, wamependeza kwelikweli, wakashuka stesheni wakakuta hakuna wa kuwapokea. Stesheni masta akawaonea huruma, akauliza nyie watoto wa nani, walivyosema tu ni Wamahar, yani jamii iliyohesabiwa kuwa haiguswi, uso ukambadilika akarudi nyuma. Wenye magari ya ng'ombe wakagoma kuwabeba, mmoja akakubali kwa nauli mara mbili na watoto waendeshe wenyewe, yeye atembee kwa miguu pembeni. Usiku chakula wanacho, maji hawana, na hakuna wa kuwapa. Mtoto akajifanya Mwislamu, akaongea Kiurdu safi kabisa, wakamnyima vilevile.

Hapo kwenye maji niliweka simu chini. Mgeni angeniandikia India ina matabaka mangapi na ningesahau kesho yake, ila huyu kaniandikia kiu yake mwenyewe. Na shuleni kwao bomba alikuwa haruhusiwi kuligusa, mpaka tarishi aje amfungulie, tarishi asipokuwepo hanywi. Mtu huyohuyo amekuja kusimamia katiba ambayo ibara yake ya 17 imefuta mambo hayo kisheria, na watu wanaandika mpaka leo kwamba mitaani hayajaisha.

Kwa hiyo ukifika usianze kumdadisi mwenzako darasani jina la ukoo wake, ukiona anakwepa muache, huenda jina hilo linaonyesha tabaka lake, na hilo hataki kuulizwa na mgeni.

Ukiimaliza hiyo tafuta insha ya mwandishi wao Arundhati Roy, ile ya mwaka 1999 kuhusu mabwawa ya mto Narmada na wanavijiji waliohamishwa, ni ndefu na ana hasira, vumilia.

Ya Ambedkar nimekuchapishia, iko mfuko wa mbele wa begi dogo, chini ya maandazi ya mama. Uisome kabla hujatua, afu nipigie.