Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Bustani Yetu na Mitende Yake

Ndugu wanachama,

Kazi za kawaida mnazijua, sitawachosha nazo. Usafi wa kila mwezi ulifanyika, mabenchi yalipakwa rangi, bomba lililokuwa likivuja lilitengenezwa. Kamati ilikutana mara 11, nami sikukosa hata kikao kimoja.

Nije kwenye jambo lililoleta maneno mengi: kukatwa kwa mtende wa Canary, ule wa mapambo wenye asili ya Visiwa vya Canary, uliokuwa langoni. Uamuzi ulikuwa wa kamati, lakini aliyetia saini ni mimi, na mimi ndiye ninayepaswa kuujibu.

Makuti ya katikati yalianza kulala, kichwa cha mti kikawa kama mwavuli uliovunjika mbavu. Nilipanda ngazi mwenyewe nikakuta nyuzi zilizotafunwa na utomvu unaonuka. Aliyefanya hayo ni mdudu aitwaye fukusi mwekundu wa mitende. Asili yake ni Asia ya Kusini na Kusini-Mashariki. Alifika nchi za Ghuba miaka ya 1980 na Mediterania miaka ya 1990, mara nyingi akisafiri ndani ya mitende ya mapambo inayouzwa kutoka nchi hadi nchi. Jike mmoja huweza kutaga mayai zaidi ya 200, na funza wake hula mti kwa ndani. Dalili zikionekana nje, kwa kawaida uharibifu umeshafika mbali. Nao mtende huu huota kwa kilele kimoja tu. Kikifa kilele, mti umekufa. Hauchipui ubavuni kama miti mingine. Tungengoja, fukusi wangeruka hadi kwenye mitende miwili ya kando ya chemchemi.

Wapo waliosema tungepunguza makuti kwanza. Naomba kumbukumbu zangu za mwaka juzi zisomwe tena: nilipinga kukata makuti mabichi, mkasema bustani ipendeze. Jeraha bichi huwaita fukusi, na mtende hauna uwezo wa kuziba kidonda cha shina.

La pili ni umri. Nimeambiwa kwamba nimeangusha mti uliopandwa siku bustani ilipofunguliwa, na wengine walikuja kuhesabu pete kwenye kisiki. Ndugu zangu, mtende hauna pete za mwaka. Ile miduara ya nje ni makovu ya makuti yaliyodondoka. Ushahidi tulio nao ni picha ya ufunguzi, ambayo niliitafuta mimi kwa wiki tatu: langoni hapana mtende wowote, ila miwili ya chemchemi imo, mashina yake bado mafupi kuliko mtu. Hiyo ndiyo mitende ya mwanzo, na ndiyo niliyokuwa nikiilinda.

Niliumia kama ninyi. Kwenye bustani ya mimea ya Rio de Janeiro, Brazil, mtende uliopandwa na João VI, mtawala wa Ureno, mwaka 1809 uliuawa na radi mwaka 1972. Wenzetu wakahifadhi shina na kupanda mwingine mahali pake. Sisi shina letu halikufaa kuhifadhiwa, kwa sababu lilijaa funza. Lilisagwa na kuzikwa siku ileile, nami nilikuwepo mpaka jioni.

Sasa mahudhurio. Tuko wanachama 71. Kikao cha kuamua kuhusu mtende kilitangazwa mara mbili, walikuja 9. Waliolalamika baadaye ni wengi kuliko hao, na karibu wote hawakuwepo. Ada wamelipa 26, wenye deni la miaka miwili ni 14. Dawa ya kukinga ile mitende miwili hainunuliwi kwa malalamiko.

Mwakani tunatarajia, Mungu akipenda na fedha zikipatikana, kupanda mche langoni baada ya kuukagua vizuri, na kuandika historia ya bustani huku wazee wanaoikumbuka wangali nasi. Mwenye picha ya zamani aniletee, nitaitunza na kuirudisha.

Mweka hazina atakaa mlangoni na kitabu cha stakabadhi hadi mwisho wa mkutano.

Mwenyekiti